Gazeti Linasema na Nani? Kulitumia Usambara-Post la Tanga katika Kufundisha Historia ya Korogwe na Handeni

Utangulizi

Wanachuo wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Korogwe na Handeni hukutana na swali ambalo vitabu vya kiada havilijibu vizuri. Mwanafunzi huuliza: "Mambo haya ya wakati wa Wajerumani yalijulikanaje?" Wengi hujibu kwamba yameandikwa. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Yaliandikwa na nani, kwa lugha ipi, na yalikusudiwa yasomwe na nani? Mwalimu asipoyagusa maswali hayo, humzoesha mtoto kuamini kila kilichopigwa chapa. Akiyagusa kwa pupa, humzoesha mtoto kudharau kila kilichoandikwa na mgeni. Mazoea yote mawili yana hasara, kwa sababu katika hali zote mbili mtoto haachiwi nafasi ya kufikiri mwenyewe.

Makala hii inakusudia kuonyesha namna ya kufundisha jambo hilo kwa mfano ulio karibu nasi, yaani Usambara-Post, gazeti la Kijerumani lililokuwa likitolewa mjini Tanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Sehemu ya kwanza ni maelezo ya mwalimu mwenyewe, kwani mwalimu hawezi kufundisha asichokijua. Sehemu ya pili ni andalio la vipindi vitatu kwa ajili ya madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mwalimu wa sekondari naye anaweza kulitumia kwa kuliongezea uzito.

SEHEMU YA KWANZA: MAELEZO YA MWALIMU

1. Kwa nini gazeti la Kijerumani lilitolewa Tanga

Koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki lilikuwa na magazeti kadhaa ya Kijerumani. Lililojulikana zaidi ni Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1899 na Willy von Roy. Huku kaskazini, mwanzoni mwa karne ya ishirini, Tanga nayo ikawa na gazeti lake, Usambara-Post.

Sababu ya gazeti kuwapo Tanga inaonekana dhahiri katika ramani. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia Tanga mwaka 1893. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, ikiwa na urefu wa kilomita zipatazo 352. Pembeni mwa reli hiyo walowezi walifungua mashamba makubwa. Walianza na kahawa katika milima ya Usambara, lakini haikuwapa faida waliyoitarajia. Mkonge ulioletwa kutoka Florida mwaka 1893 kwa juhudi za Richard Hindorf ulistawi vizuri zaidi katika nchi ya chini yenye joto. Baadaye wengi walipanda mpira pia, mpaka bei yake ilipoanguka mwaka 1913.

Walowezi hao walihitaji kujua bei za mazao, safari za meli, sheria mpya na habari za kwao Ulaya. Walihitaji vile vile sauti ya kuifikishia serikali madai yao. Gazeti lilikidhi haja zote mbili. Basi tangu mwanzo mwalimu aelewe kwamba gazeti hili halikukusudiwa kuwa la watu wote wa Usambara, Bonde na Uzigua. Lilikuwa gazeti la kundi dogo lenye mali na madai.

Udogo wa kundi hilo ni jambo la kuhesabiwa. Mwaka 1913 Wazungu wote katika koloni zima walikuwa wapatao 5,300, na Waafrika walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni saba. Ni kusema kwamba kwa kila Mzungu mmoja walikuwapo Waafrika zaidi ya elfu moja. Hata hivyo, mtu anayetafuta leo maandishi ya kila juma kuhusu nchi hii kabla ya mwaka 1914 atakuta kwamba sehemu kubwa iliandikwa na hao wachache kwa ajili ya wachache wenzao.

2. Jambo lililogombewa: vibarua

Neno ambalo mwalimu hapana budi alijue ni Arbeiterfrage, yaani "suala la vibarua". Hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa la walowezi wa kaskazini. Mashamba yalihitaji mikono mingi, na wenyeji walikuwa na mashamba yao wenyewe ya kulima. Kwa hiyo walowezi walitaka serikali iwatumie wenyeji nguvu.

Baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, serikali yenyewe ilianza kusita. Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyetawala tangu mwaka 1906 hadi 1912, aliona kwamba koloni lingepata mapato mengi zaidi na amani zaidi kama Waafrika wangelima mazao ya biashara katika ardhi yao wenyewe. Mwaka 1907 Bernhard Dernburg, aliyekuwa msimamizi mkuu wa mambo ya makoloni huko Berlin, aliizuru nchi na kuuelekea msimamo huo. Magazeti ya walowezi, Dar es Salaam na Tanga, yalimpinga Gavana kwa ukali. Ugomvi wa Gavana na mhariri von Roy ulifika hata mahakamani.

Mwalimu asilifanye jambo hili kuwa hadithi ya Gavana mwema na walowezi wabaya. Wakati huo huo wa Rechenberg, mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, ulianzishwa utaratibu wa kadi. Kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Serikali na walowezi waligombana juu ya kiasi cha nguvu na namna ya kuitumia. Haki ya mwenyeji kuamua mwenyewe kazi yake haikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombewa.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kile ambacho gazeti la walowezi lilikiita "uhaba wa vibarua", katika nyumba ya Mshambaa au Mzigua kilikuwa ni mwanamume aliyebaki kulima shamba lake wakati wa masika. Jambo ni moja, lakini majina ni mawili, na ni jina moja tu lililopigwa chapa kwa Kijerumani. Mwanafunzi akilipokea jina hilo bila kuuliza, atakuwa amewatazama mababu zake kwa macho ya mtu aliyekuwa akiwatafuta kuwaajiri.

3. Gazeti jingine katika mji ule ule

Haifai mwalimu aishie hapo, kwani mwanafunzi anaweza kudhani kwamba Waafrika wa zama zile hawakuwa na gazeti la kusoma. Sivyo. Wamisionari wa UMCA walianza kutoa Msimulizi huko Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Katika miaka ya 1890 misheni hiyo hiyo ilitoa Habari za Mwezi huko Magila, katika nchi ya Bonde, mwendo usio mrefu kutoka Korogwe. Mwaka 1910 yalianza Pwani na Bara la Waprotestanti na Rafiki Yangu la Wakatoliki.

Lililo muhimu zaidi kwa somo hili ni Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililoanza mwaka 1904 mjini Tanga na kuchapishwa katika shule ya serikali. Shule hiyo iliwatayarisha walimu, makarani na maakida, na hao hao ndio waliokuwa wasomaji na waandishi wa gazeti. Waliandika habari za miji yao na kutunga mashairi. Kwa hiyo katika mji mmoja, miaka ile ile, palikuwa na gazeti la Kijerumani la walowezi na gazeti la Kiswahili la Waafrika waliosoma.

Mwalimu atoe tahadhari mbili. Kwanza, Kiongozi halikuwa gazeti huru. Lilikuwa la serikali, na mwandishi wake alijua mipaka yake. Wasomaji wake nao walikuwa wachache, kwa kuwa wakulima wengi hawakujua kusoma. Pili, jina Kiongozi lilitumiwa tena na gazeti la Kanisa Katoliki lililoanza mwaka 1950. Magazeti hayo mawili hayana uhusiano, na mwanafunzi asiyeonywa huyachanganya.

4. Mwisho wa gazeti

Mwezi Novemba 1914 vita vilipiganwa Tanga. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni, na mwezi Julai yakaingia Tanga. Vita ndivyo vilivyoyakomesha magazeti ya Kijerumani, pamoja na Kiongozi. Kijerumani kilikuwa lugha ya utawala, na utawala ulipoondoka wasomaji nao waliondoka. Maneno machache yalisalia katika vinywa vyetu, kama vile "shule" na "hela", ambayo watoto huyatumia kila siku pasipo kujua asili yake.

Hata hivyo gazeti la lugha ya mtawala halikutoweka. Lilibadili lugha tu. Mwaka 1919 Tanga ilipata Tanga Post and East Coast Advertiser kwa Kiingereza, na mwaka 1930 likaanza Tanganyika Standard huko Dar es Salaam. Kwa upande wa Kiswahili, serikali ya Kiingereza ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923, na mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu, gazeti lililomilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. The Standard lilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1972 liliunganishwa na The Nationalist likawa Daily News.

Kwa kulinganisha, mwalimu anaweza kuwatajia wanafunzi wakubwa kisiwa cha Curaçao katika bahari ya Karibi, kilichotawaliwa na Waholanzi. Huko gazeti liitwalo Amigoe lilianza mwaka 1884 na kuendelea kwa Kiholanzi hata baada ya miaka mia moja, ijapokuwa lugha ya nyumbani ya wenyeji wengi ni Papiamentu. Kiholanzi kilibaki katika shule na ofisi za kisiwa hicho, na kwa hiyo wasomaji walipatikana. Mfano huu humsaidia mwanafunzi kuona kwamba maisha ya gazeti hutegemea sana shule. Lugha isiyofundishwa haina msomaji, na gazeti lisilo na msomaji hufa.

SEHEMU YA PILI: ANDALIO LA SOMO

Madhumuni: Mwisho wa vipindi vitatu mwanafunzi aweze (a) kueleza kwa nini gazeti la Kijerumani lilikuwapo Tanga, (b) kutaja ni nani aliyesemeshwa na ni nani aliyesemwa katika maandishi, (c) kutofautisha jambo lililoonwa na jambo lililosimuliwa.

Zana: ramani ya Mkoa wa Tanga iliyochorwa ubaoni au kwenye karatasi kubwa, mbegu za mahindi au vijiti vya kuhesabia, karatasi, gundi ya unga na kalamu za rangi. Nakala halisi za magazeti si lazima. Magazeti ya Kijerumani ya koloni yamehifadhiwa katika maktaba za Ujerumani, na mengi yamewekwa kwenye intaneti. Chuo chenye mtambo kinaweza kuwaonyesha wanachuo ukurasa mmoja ili waione sura yake. Shule isiyo na mtambo haitapungukiwa na kitu cha lazima.

Kipindi cha kwanza: Ramani na hesabu

Mwalimu achore pwani, Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, Lushoto na Handeni. Wanafunzi wachore reli na kuandika miaka: 1893 Tanga, 1902 Korogwe, 1911 Moshi. Kisha waulizwe: Gazeti lililochapishwa Tanga lilifikaje Korogwe? Lingefikaje Handeni? Watagundua wenyewe kwamba Korogwe ilikuwa njiani na Handeni ilikuwa mbali na reli. Wakati wa vita tu ndipo njia nyembamba ya toroli ilipojengwa kutoka Mombo kwenda Handeni, nayo ilikuwa ya kubebea vifaa vya jeshi. Wanafunzi wakisie ni habari za mahali gani zilizokuwa rahisi kumfikia mhariri.

Baada ya hapo ije hesabu. Mwalimu aweke mbegu moja ya mahindi upande mmoja, iwe ni Mzungu mmoja. Wanafunzi wakadirie mbegu za upande wa pili kwa kugawanya 7,000,000 kwa 5,300. Watapata zaidi ya 1,300. Wahesabu mbegu mia moja tu na kufikiri ni mafungu mangapi zaidi yanayotakiwa. Mtoto aliyehesabu kwa vidole vyake halisahau jambo hili upesi.

Kipindi cha pili: Tangazo moja, wasomaji wanne

Mwalimu aandike ubaoni tangazo lifuatalo. Awaeleze wanafunzi wazi kwamba ni la kubuni, limetungwa na mwalimu kwa ajili ya mazoezi, wala halikunakiliwa kutoka gazeti lolote:

"Mwenye shamba la mkonge karibu na reli anatafuta wanaume mia mbili wa kukata mkonge. Watu wa vijiji vya jirani hawaji kazini. Inaombwa serikali ichukue hatua."

Darasa ligawanywe katika makundi manne: mwenye shamba, mwanamume wa kijiji ambaye shamba lake limeota magugu, mke wake, na akida aliyeamriwa kuwapeleka watu. Kila kundi liulizwe maswali matatu: Tangazo hili linasema nawe au linakusema? Neno "hatua" lina maana gani kwako? Ungepewa nafasi ya kujibu katika gazeti hilo, ungeandika nini, na kwa lugha gani?

Swali la pili ndilo lenye nguvu. Kwa mwenye shamba, "hatua" ni msaada. Kwa mwanamume wa kijiji ni kadi na askari. Kwa mke ni jembe litakaloshikwa na mtu mmoja badala ya wawili. Kwa akida ni amri asiyoweza kuikataa bila kupoteza cheo. Mwalimu asiwape majibu haya. Ayapate kutoka kwao, kisha ayapange ubaoni katika safu nne. Swali la tatu litawaleta kwenye lugha. Aliyetajwa katika tangazo hakuweza kulisoma, sembuse kulijibu.

Kipindi cha tatu: Masimulizi na gazeti la ukutani

Kabla ya kipindi hiki wanafunzi wapewe siku kadhaa za kuuliza nyumbani. Hakuna tena mzee aliyeishi zama za Wajerumani akiwa mtu mzima. Kinachopatikana ni masimulizi yaliyopokewa kutoka kwa babu na bibi, na kumbukumbu za karibu zaidi za mashamba ya mkonge ya wakati wa Waingereza na baada ya Uhuru, pamoja na habari za manamba waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Kila mwanafunzi aandike habari moja, na mbele yake aweke moja ya maneno haya: "Aliona", "Aliambiwa", au "Inasemekana". Zoezi hili dogo ndilo msingi wa kazi yote ya mwanahistoria.

Habari hizo zitengenezwe kuwa gazeti la ukutani la Kiswahili. Wanafunzi wachague jina, wagawane kazi za mhariri, wachoraji na waandishi, kisha walibandike. Likishabandikwa, mwalimu aulize swali la mwisho: Ni nani katika kijiji chetu asiyeweza kulisoma gazeti hili? Watataja bibi asiyejua kusoma, mdogo wao wa darasa la kwanza, mtu asiyeona, na pengine mgeni asiyejua Kiswahili vizuri. Waulizwe tena: Je, tumewaandika hao katika gazeti letu? Je, tumewauliza? Hapo watatambua kwamba kosa la kusema habari za mtu asiyeweza kujibu si la Wajerumani peke yao. Hata sisi tunaweza kulifanya, na dawa yake ni kwenda kumsomea na kumsikiliza. Ikiwezekana, wanafunzi wawili wawili wapelekwe kusoma habari hizo kwa wazee waliozitoa, na masahihisho ya wazee yaandikwe pembeni.

Matatizo yanayoweza kutokea

Baadhi ya wanafunzi watasema kwamba gazeti la walowezi lilikuwa uongo mtupu na halifai kusomwa. Mwalimu asikubali upesi. Bei ya mkonge au siku ya kuwasili meli ikiandikwa vibaya, walowezi wenyewe wangepata hasara. Habari za namna hiyo aghalabu huaminika. Hata malalamiko yao ni ushahidi wenye thamani. Mlowezi anapolalamika kwamba watu hawaji kazini, anathibitisha bila kukusudia kwamba watu walikataa. Kukataa huko ni tendo la mababu zetu, na limehifadhiwa katika karatasi ya mtu aliyelichukia.

Wengine, hasa katika vijiji vilivyo mbali na reli, watauliza: "Kama sisi hatumo katika magazeti, basi hatuna historia?" Swali hili mwalimu alipokee kwa uzito, maana mtoto akiondoka darasani na jibu baya atalibeba maisha yake yote. Ajibu kwamba kukosekana katika gazeti ni habari juu ya gazeti, wala si habari juu ya kijiji. Kijiji kina majina ya mito na milima, makaburi, koo, nyimbo za kazi na masimulizi. Hizo ndizo kurasa zake, na zinahitaji msomaji aliyefundishwa.

Tathmini

Mwalimu atumie maswali haya, na asitosheke na majibu ya kukariri miaka:

(1) Eleza uhusiano kati ya reli na gazeti la Tanga.
(2) Usambara-Post na Kiongozi yalitoka katika mji mmoja. Taja mambo mawili yaliyoyatofautisha na jambo moja lililoyafananisha.
(3) "Uhaba wa vibarua": andika sentensi hiyo upya kama ambavyo ingeandikwa na mkulima wa Uzigua.
(4) Chagua habari moja katika gazeti lolote la juma hili. Inasema na nani? Inamsema nani?

Mwanafunzi anayeweza kujibu swali la nne amelielewa somo, hata kama amesahau mwaka reli ilipofika Korogwe.

Hitimisho

Mwalimu wa historia katika wilaya hizi ana maandishi machache ya Waafrika wa zama zile, na maandishi mengi zaidi ya waliowatawala. Hawezi kuyatupa, kwa kuwa hana mengine ya kutosha. Wala hawezi kuyafundisha kama yalivyo, kwa kuwa yatawafundisha watoto kujiona kuwa ni vibarua walioadimika. Njia iliyobaki ni kuwafundisha kuuliza. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala vifaa vya mbali. Ramani ya chaki, mbegu za mahindi na mwalimu aliyejiandaa vinatosha kuianzisha. Wanachuo wanaombwa kulijaribu andalio hili katika mazoezi yao yajayo, kulirekebisha kulingana na mahali walipo, na kuleta chuoni magazeti ya ukutani yatakayotengenezwa, ili wenzao nao wajifunze kwayo.